Kompyuta kuukuu ikilia asubuhi, okoa hesabu kwanza

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kidogo bei za mahindi, mbao na viazi mviringo, na kutazama chombo ambacho wafanyabiashara wengi wa Njombe na Makambako huandikia bei hizo. Chombo chenyewe ni kompyuta ya mezani, aghalabu ya mtumba, ambayo imekaa dukani miaka saba au minane, na sasa kila asubuhi ikiwashwa inatoa mlio ambao zamani haukuwapo.

Wenye maduka wakisikia mlio huo hugawanyika makundi matatu. Wa kwanza huuzoea, wakasema mashine imezeeka kama mwenyewe. Wa pili humwita fundi na kumwambia abadilishe chochote anachoona kinafaa, kisha hushangaa bili. Wa tatu huiuza kwa bei ya chuma chakavu pamoja na kila kilichomo ndani. Makundi yote matatu hupoteza fedha kwa sababu moja: hawajui mlio unatoka wapi.

Jambo la kushika ni hili. Karibu kila mlio wa kompyuta wakati wa kuwaka una sehemu yake maalumu, na sehemu hizo hazina uzito sawa katika biashara. Feni ikifa, umepoteza feni. Betri ya saa ikiisha, umepoteza betri. Lakini diski kuu ikifa, umepoteza daftari la madeni, orodha ya stoo na mauzo ya miaka yote. Kwa hiyo swali la kwanza asubuhi hiyo si "itagharimu kiasi gani?" bali "je, mlio huu unatoka kwenye diski?"

BEI YA MASHINE NA BEI YA KUMBUKUMBU

Tuanze na hesabu. Kwa mfanyabiashara anayefunga hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaiweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa kiwango cha asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mashine iliyonunuliwa kwa Sh. 1,000,000 inabaki na thamani ya Sh. 625,000 baada ya mwaka mmoja, Sh. 390,625 baada ya miwili, na baada ya miaka mitano haizidi Sh. 95,400. Vitabuni mashine hiyo imekwisha.

Kumbukumbu zilizomo ndani yake zinakwenda kinyume. Kila mwezi zinaongezeka, na kila mteja mpya wa mkopo anazipandisha thamani. Tuseme mwenye duka la pembejeo Makambako amewakopesha wakulima mbolea ya Sh. 6,000,000 wakati wa kupanda, kwa ahadi ya kulipwa baada ya mavuno, na majina yote yako ndani ya kompyuta tu. Diski ikikatika mwezi wa tatu, wakulima waaminifu watakuja kulipa. Wengine watasubiri waulizwe, na muulizaji hana orodha. Juu ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na mkaguzi akifika, kueleza kwamba diski imekufa si sawa na kumwonyesha vitabu.

Ndiyo maana mashine ya thamani ya Sh. 95,000 inaweza kuwa imebeba mali ya mamilioni. Anayeiuza kama chuma chakavu anauza gunia pamoja na mahindi yake.

MILIO ISIYO NA DENI

Kabla ya kutia shaka, ondoa kwanza milio ya kawaida. Feni kuvuma kwa nguvu sekunde chache baada ya kuwasha, kisha kutulia, ni jambo la kawaida: mashine inaziachia feni zote mpaka programu ya mwanzo ishike usukani. Kidude cha kusomea CD kikizunguka na kunguruma, huenda kuna CD iliyosahauliwa ndani. Skrini za zamani zenye mgongo mkubwa hutoa kishindo kimoja kizito zinapowashwa; hiyo ni waya inayoondoa usumaku kwenye kioo. Kompyuta za zamani sana zenye nafasi ya disketi hukwaruza mara moja zinapoitafuta disketi.

Vilevile tazama kama mlio si wa kompyuta kabisa. Kifaa cha UPS chini ya meza hulia bipu kila umeme unapokatika au unaposhuka, na betri yake ikichoka hulia hata umeme ukiwapo. Penye mashine ya kusaga au msumeno wa umeme kwenye laini moja, mota inapoanza kuzunguka umeme hushuka kidogo na UPS hulalamika. Hapo wa kulaumiwa si kompyuta.

Njia rahisi ya kutafuta chanzo ni kukunja gazeti liwe kama bomba, ukaweka upande mmoja sikioni na mwingine ukausogeza karibu na kasha, lile ambalo wengi hapa huliita CPU. Nyuma juu, au chini katika makasha mengine, kuna pawa saplai. Katikati kuna feni ya prosesa. Mbele, kwa kawaida sehemu ya chini, ndipo inapokaa diski. Dakika mbili za kusikiliza hivyo zinaweza kuokoa safari moja ya fundi.

BIPU: MASHINE INAPOTAJA UGONJWA

Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine za aina hii hujikagua zenyewe kila zinapowashwa, kabla hata skrini haijaonyesha kitu. Zikikuta kasoro ambayo haziwezi kuionyesha kwenye skrini, huitangaza kwa bipu. Katika nyingi za zamani, bipu moja fupi maana yake ni salama. Mashine nyingine hazina spika ndogo ya kutolea bipu, na kimya chake si habari mbaya.

Idadi na urefu wa bipu hutofautiana kwa mtengenezaji. Katika programu za mwanzo za Award, bipu moja ndefu ikifuatwa na mbili fupi humaanisha tatizo la kadi ya picha. Katika zile za AMI, bipu tatu huelekeza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, na bipu nane kwenye kumbukumbu ya picha. Katika kompyuta nyingi za Dell, bipu mbili humaanisha kwamba RAM haionekani. Kwa hiyo hesabu bipu, andika ndefu ngapi na fupi ngapi, andika jina na namba ya mashine, kisha mpe fundi karatasi hiyo. Fundi aliyepewa namba hana sababu ya kukisia kwa fedha yako.

Tatizo la RAM mara nyingi ni dogo. Vumbi na unyevu hufunika meno yake ya dhahabu, na mgusano ukapotea. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki utoke, gusa chuma cha kasha ili kutoa umeme tuli mwilini, chomoa RAM, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka vishikizo vyake vijifunge. Kazi hiyo haihitaji spea hata moja.

Betri ya saa, ile ya duara yenye alama CR2032, huisha baada ya miaka kadhaa. Mashine nyingine hulia kwa ajili yake, nyingine huonyesha tu tarehe ya miaka ya nyuma. Usidharau. Ankara na mauzo yaliyoandikwa kwa tarehe ya uongo huvuruga vitabu vyote vya mwezi, na kuyasahihisha kunagharimu zaidi ya betri.

FENI, BARIDI NA VUMBI LA MBAO

Mlio ulio wa kawaida zaidi kwa nyanda hizi ni wa feni. Dalili yake ni mngurumo au mkwaruzo mkali mashine ikiwa ya baridi, unaopungua dakika tano au kumi baadaye. Sababu ni mafuta ya ndani ya feni. Feni nyingi za bei nafuu huzunguka kwenye bomba dogo lenye mafuta. Miaka ikipita mafuta hukauka, na asubuhi ya baridi yaliyobaki huwa mazito. Mji wa Njombe uko karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko chini yake kidogo. Asubuhi za Juni na Julai huko si asubuhi za Dar es Salaam, na feni iliyokuwa kimya pwani inaweza kuanza kulia ikipandishwa huku.

Urefu huo una jambo la pili. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto kidogo zaidi ya nusu na robo ya lile ambalo ungebeba baharini. Baridi ya nje hufidia, lakini si mashine inapokuwa imejaa vumbi. Na vumbi la hapa ni la aina yake: unga wa mbao kwenye yadi, unga wa mahindi jirani na mashine za kusaga, majivu ya jiko la mkaa lililowekwa ofisini kuotea moto. Vyote hivyo huingia kwenye mapezi ya prosesa na kuyaziba kama blanketi.

Tiba ni brashi laini ya rangi na pumzi ya pampu, kila miezi mitatu, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Shikilia pangaboi la feni lisizunguke unapopuliza. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya karatasi iliyobandikwa katikati ya feni hunyamazisha mlio kwa muda, lakini hiyo ni nafuu ya kusubiria feni mpya. Mafuta ya kupikia yasitumike, huganda na kunata. Feni ya prosesa ikisimama kabisa, zima mashine hapohapo.

DISKI: MLIO USIOSUBIRI

Sasa tufike kwenye mlio wa hatari. Diski kuu ya kawaida ni sahani za duara zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kila sekunde. Juu yake vichwa vya kusomea huelea kwenye utando wa hewa, kwa umbali ambao ni mdogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Kichwa kikigusa sahani, hukwangua kumbukumbu zenyewe.

Milio yake ni mitatu. Wa kwanza ni kugonga kwa mpangilio, tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani: vichwa vinatafuta njia, havioni, vinarudi mwanzo na kujaribu tena. Wa pili ni mkwaruzo wa chuma. Wa tatu ni mlio wa kujaribu kuzunguka na kushindwa, ukijirudia. Mlio wa diski haupungui mashine ikipata joto. Mara nyingi huongezeka, na huambatana na mafaili kufunguka polepole au mashine kuganda. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na feni.

Ukiusikia mkwaruzo, zima. Usijaribu tena kuona kama utarudia. Ukisikia kugonga lakini mashine bado inafungua mafaili, hiyo ni nafasi ambayo huenda isirudi kesho. Chomeka flashi, nakili daftari la madeni kwanza, kisha stoo, kisha mauzo, na picha za harusi mwisho. Usiendeshe programu za kukagua au kupanga diski, kwa kuwa huilazimisha kusoma kila kona wakati ambapo kila mzunguko una gharama. Kama mashine haiwaki lakini diski bado inazunguka bila mkwaruzo, fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili ili kunakili.

Ziko tiba za mitaani za kuepuka. Kuigonga diski kwa mpini wa bisibisi kunaweza kumalizia kilichobaki. Kuiweka kwenye friji huleta unyevu juu ya sahani. Unyevu huohuo hutokea mashine ikishushwa kutoka kwenye gari la usiku na kuwashwa mara moja katika chumba chenye moto. Iache saa kadhaa izoee. Watengenezaji wengi wa diski za mezani huweka kikomo cha chini cha baridi kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi, kwa hiyo asubuhi ya umande mkali si kosa kufungua duka, kuhudumia wateja wa kwanza kwa daftari la karatasi, na kuwasha kompyuta baadaye.

PAWA SAPLAI NA KAPASITA

Mlio mwembamba wa kama mbu, pamoja na mashine kukataa kuwaka mara ya kwanza na kukubali ya tatu, huelekeza kwenye pawa saplai au kapasita za bodi kuu. Kapasita ni vijikopo vidogo vyenye maji ya kemikali ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kapasita mbovu kwa wingi. Kompyuta za Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 za Marekani kugharamia tatizo hilo. Mashine nyingi za umri ule ziliishia katika soko la mtumba. Fungua kasha uangalie vichwa vya kapasita: bapa ni nzima, vilivyovimba au kutoa uchafu wa kahawia vimekwisha.

Mlipuko mmoja na harufu ya kuungua mara ya kwanza kuwasha mashine iliyotoka Marekani una maelezo yake. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Anayewasha bila kutazama swichi hiyo hununua pawa saplai nyingine siku hiyohiyo. Pawa saplai yenyewe usiifungue: ndani yake kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Hubadilishwa nzima.

KUKARABATI AU KUBADILISHA

Baada ya kumbukumbu kuwa salama, ndipo hesabu ya fedha inapoanza. Kipimo kizuri ni gharama kwa kila mwezi wa huduma unaotarajiwa. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka za soko lako:

(i) Feni mpya Sh. 15,000, inatarajiwa kudumu miezi 24. Gharama kwa mwezi ni Sh. 625.

(ii) Kubadilisha bodi kuu ya mashine ya zamani Sh. 120,000, inatarajiwa kudumu miezi 12. Gharama kwa mwezi ni Sh. 10,000.

(iii) Kununua mashine nyingine ya mtumba iliyo mpya zaidi Sh. 350,000, inatarajiwa kudumu miezi 48. Gharama kwa mwezi ni Sh. 7,292.

Kwa mfano huu feni na betri hazina mjadala, tengeneza. Bodi kuu inaonekana rahisi kuliko mashine nyingine lakini ndiyo ghali kuliko zote. Ongeza pia siku ambazo duka litakaa bila kompyuta likisubiri spea. Na ipo sababu nyingine ya kupima umri: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine ya namna hiyo inaweza kuendelea kuandika stoo bila intaneti, lakini si ya kufanyia malipo ya benki.

Diski ikiwa ndiyo mbovu, ya kuiweka badala yake inaweza kuwa ile isiyo na sahani, SSD. Haina kitu kinachozunguka, haisumbuliwi na barabara, na huwaka haraka. Lakini itazame kwa akili ya kibiashara: ikifa, hufa kimyakimya, bila tiki hata moja ya kukuonya. Kwa hiyo nakala mbili za hesabu, moja dukani na moja nyumbani, ni lazima kwa diski ya aina yoyote.

Kwa anayenunua mtumba Makambako, pale barabara ya Zambia inapokutana na ya Songea na bidhaa za kila upande hushushwa, ushauri ni mmoja. Usikubali kuonyeshwa mashine iliyowashwa tangu alfajiri, maana feni iliyokwisha kupata joto hunyamaza. Gusa kasha kwanza. Likiwa la moto, omba lizimwe, kamalizie shughuli nyingine mjini, urudi baada ya saa mbili liwashwe mbele yako. Muuzaji mwenye mashine nzima hana cha kupoteza kwa kusubiri, na mwenye kukataa amekwisha kukujibu.